Ansbert Ameanza Kula

Temeke, Dar es Salaam
14 Machi 1954

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. U hali gani huko Kamachumu? Mguu wa Baba umepoa? Sisi tunapumua tu. Joto la huku halina huruma na mtu.

Mjukuu wako Ansbert sasa ana miezi sita na meno mawili ya chini. Sahani haipiti mbele yake bila kunyooshewa mkono, nikaona wakati wa kumwanzishia chakula umefika. Mwanzo wenyewe umekuwa mbaya, Mama. Jirani yangu Mauwa, mwenyeji wa huku pwani, alileta wali na mchuzi wa kamba, wale wadudu wa baharini wenye miguu mingi. Alimlambisha mtoto mchuzi kwa kidole. Muda si muda midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele, akatapika hadi maziwa yangu. Mauwa alilia kuliko mimi. "Mie nimempa kwa mapenzi, Mama Ansbert, wallahi," akasema, na tangu siku hiyo hapiti tena mlangoni.

Zahanati wamenipa dawa ya kupaka, wakaniambia nimnyonyeshe tu kwanza. Lakini ananyonya mchana kutwa na hashibi. Nimechoka, Mama. Wewe ulitulea saba. Nimpe nini?

Mimi mwanao,
Demetria


Kamachumu, Bukoba
9 Aprili 1954

Mwanangu Demetria,

Milele amina. Marahaba, mara nyingi. Mguu wa Baba yako Benedikto umepona, sasa anaumwa mdomo kwa kulalamika. Mvua zimeanza vizuri na migomba imesimama.

Ulimwachaje mtu wa pwani amwonjeshe mume wangu Ansbert vya baharini kabla hajaijua ndizi? Mtoto wetu huanza na ndizi. Ichemshe hadi ilainike, uitafune wewe mwenyewe hadi iwe maji, ndipo umtie kinywani. Na uangalie unachokula, maana cha mama hupita kwenye ziwa. Acha samaki, acha mayai.

Ndugu yako Audax anasafiri kwenda huko kutafuta kazi, nimempa mzigo wenu. Mna samli ya kumpaka mtoto na kopo la senene wa Gozbert. Nimewaokota mwenyewe, nimewanyonyoa mbawa na miguu, nimewakaanga hadi wamekauka. Mkwe wangu asiseme nimemwozesha binti kisha nikamsahau. Mkono mtupu haulambwi.

Kuzaa si kazi, mwanangu, kazi ni kulea. Vumilia.

Mama yako,
Auleria


Temeke
30 Mei 1954

Mama,

Shikamoo. Natumaini mvua haikuharibu kahawa. Audax alifika salama na mzigo wote. Gozbert anakushukuru mno. Senene wako anawala kwa ubahili, viganja viwili vitatu akirudi kutoka kazini, kisha anafunga kopo na kuliweka juu ya kabati kama mali ya Serikali.

Ndizi nimempa Ansbert kama ulivyosema. Mchana namtafunia mimi, anakula na kucheka. Jioni baba yake humpokea ili nami niegeshe mgongo, humpakata na kumtafunia. Na jioni ndipo anapovimba, Mama. Si kila siku, lakini mara kwa mara. Midomo, kope, vipele shingoni, kisha kilio kisicho na mwisho. Gozbert anasema ni upepo wa bahari wa jioni.

Nimeacha samaki. Nimeacha mayai, karanga, maharage, hata chai ya maziwa. Nala ugali na mchicha kwa chumvi. Nguo zinanipwaya na maziwa yamepungua. Kila nikimeza tonge najiuliza kama ndilo litakalomuumiza. Nimemuuliza Gozbert naye anakula nini huko kazini, anasema hali kitu hadi afike nyumbani.

Jana nilikaa sakafuni nikalia mbele ya mtoto, naye akaniangalia tu. Sijui nitafika wapi hivi.

Mwanao,
Demetria


Kamachumu
27 Juni 1954

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na Baba yako amefuta macho akisema ni moshi.

Sasa sikiliza. Nchi hiyo haimfai mtoto. Nitakuja kumchukua. Wewe mwenyewe uliachishwa ziwa kwa bibi yako ukarudi umenona. Huku kuna ndizi za shambani, maziwa ya ng'ombe ninayemjua kwa jina, na hewa ya baridi. Akae nami hadi atembee vizuri, miaka miwili au mitatu, kisha tutaona.

Nimemwandikia Gozbert, naye amekubali. Nitangoja msimu wa senene upite, nipande meli mwezi wa Desemba. Nitamletea wapya, kopo kubwa zaidi.

Usilie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi ndiye niliyekuzaa wewe. Nataka upumzike.

Mama yako,
Auleria


Temeke
22 Agosti 1954

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena. Nisamehe kabla hujaisoma.

Ulipoandika kuja kumchukua Ansbert, nilikubali. Sikukubali kwa kuona ni vyema, nilikubali kwa kuchoka. Nilimfumia na sweta la baridi ya huko.

Mwezi wa saba tajiri wake Gozbert, Bwana Najmuddin, alimpeleka Kilosa kupima pamba. Akakaa huko wiki kadhaa. Mtoto hakuvimba hata siku moja, Mama. Alikula ndizi mchana, akala ndizi jioni, akala uji, mashavu yakarudi. Nikasema ni rozari zako.

Gozbert akarudi Jumamosi. Akashusha kopo lake, akala, akamwita mwanawe, akamtafunia ndizi. Hatukumaliza sala ya chakula. Macho ya mtoto yalifumbana kwa uvimbe, na pumzi ikawa inakwaruza kama msumeno. Nikapiga ukelele. Mauwa, yule niliyemwacha akae na aibu yake miezi yote hii, ndiye aliyesikia ukelele akaja, akamtia mgongoni akakimbia naye hadi zahanati. Walimchoma sindano. Yu hai. Anacheza na kijiko hapa ninapoandika.

Nilimuuliza Gozbert umekula nini. Akasema, "Sijala kitu, ni senene tu." Ndipo nikakaa kitako. Miezi yote nahesabu kila kinachopita kinywani mwangu, na senene sikuwahesabu, kwa sababu sisi wanawake hatuwali. Tunawaokota tu, tunawapika tu, tunawapa waume. Kwetu ni chakula cha wanaume, nani angewatafuta katika kinywa cha mtoto? Na kamba wa Mauwa nao wana gamba na miguu kama panzi wetu hawa. Labda ni jamii moja, mimi sijui.

Mama, usimchukue. Huko msimu ukifika senene wako kila nyumba, kila kiganja, na kila mtu atataka kumtafunia mtoto wa Demetria. Na nakuomba usituletee tena. Najua unavyowaokota kwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniuma kuandika.

Mwanao,
Demetria


Temeke
10 Oktoba 1954

Mama,

Shikamoo. Sijapata neno lako. Nakuuliza tu kama u mzima.

Gozbert amelitupa kopo. Tangu hapo mtoto yu salama, na mimi nimeanza kula maharage. Lakini usingizi siupati. Kama nimekukosea, nikemee, ila usininyamazie.

Mwanao


Kamachumu
28 Novemba 1954

Mwanangu Demetria,

Marahaba. Ni mzima, na Baba yako ni mzima, ila amenuna.

Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Niliisoma barua yako nikaona umeniita mchawi kwa maneno ya adabu. Mimi! Senene wangu wanasifiwa hadi Mwanza. Nikaapa nisiandike.

Halafu senene wakaanguka. Alfajiri wanawake wote wakatoka, nami nikatoka na kikapu. Majani yalikuwa kijani kwa wingi wao. Nikawaokota, nikawakusanya kiganjani, nikawaona wanavyorusha ile miguu, na nikamwona mume wangu Ansbert macho yamefumbana. Nikakaa pale kwenye umande. Nikakimwaga kikapu chote, nikarudi nyumbani.

Baba yako hajawahi kuona mwaka ambao mkewe hakumwokotea. Wenzangu wameuliza kama tumeachana. Nikamwambia aende mwenyewe, akarudi na nusu kikapu, mengi yakiwa majani. Nimemkataza kuwakaanga katika vyungu vyangu. Anawala kwa ndugu yake, na akirudi analala chumba cha mbele.

Simchukui mtoto. Nakuja nikae nanyi, nimpakate ulale, maana barua zako zote zinasema jambo moja, kwamba umechoka. Wewe kula na ulale, mengine niachie.

Meli inaondoka wiki ijayo. Gauni nililovaa msimu huu nimeliacha, kanga ni mpya. Vikapu vyangu vimeshika harufu miaka mingi, kwa hiyo sibebi hata kimoja. Sijawahi kwenda kwa mkwe bila mzigo, na stesheni watu watanitazama. Wewe usione haya ukiniona nashuka hivyo.

Wakubwa walisema mkono mtupu haulambwi. Mpe huyo mume wangu aulambe. Nimeusugua kwa sabuni na majivu hadi ngozi inawaka.

Mama yako,
Auleria