Meza ya Mtu wa Jicho Moja

Kiponda, Mjini Unguja
14 Januari 2024

Kwa shemeji Nadir,

Asalaam alaykum. Natumai u mzima, na kama si mzima pia sawa, nimeuliza kwa sababu barua huanzwa hivyo. Mimi afya yangu njema, isipokuwa pale unapopajua.

Namba yangu ya simu umeifungia tangu ulipotoka jela, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono na kumpa Mkubwa, dereva wa gari ya samaki, akufikishie huko Nungwi. Usimtukane Mkubwa, hajui kilichomo.

Nataka meza. Chumba cha juu alichokuwa akilala mama, Mungu amrehemu, nimekigeuza studio. Narikodi kasida, nyimbo za harusi, matangazo ya maduka, chochote kinacholeta riziki. Meza niliyonayo ni ya dukani. Nikipandisha besi inatetemeka mpaka kalamu zinadondoka. Kuna fundi wa hapa mjini nilimpa kazi, akaniletea meza nzuri sana ya mtu mwenye macho mawili. Skrini kaiweka katikati. Upande wa kushoto mimi sioni kitu, basi kutwa najipinda shingo kama kuku anayetafuta punje.

Nataka mfenesi, mbao nene. Skrini ikae kulia, kinanda katikati, na pawe na mahali pa spika mbili na matundu ya waya kwa nyuma. Iingie baina ya zile nguzo mbili za ukutani, vipimo nimekuwekea humu. Ngazi zetu unazijua, haipandi ikiwa nzima. Utaileta vipande uje uiunge humuhumu chumbani. Wewe unajua ni jicho lipi. Fundi mwingine lazima nimweleze, na kueleza nimechoka.

Nikiipata nitamalizia nyimbo za Tahiya, zile tisa tulizorikodi kabla hatujaachana. Bado ninazo.

Sijakusamehe. Sema bei yako.

Shemeji yako, upende usipende,
Kheir


Nungwi
22 Januari 2024

Kwa Kheir,

Waalaykum salaam, kwa sababu kuitikia ni wajibu. Mimi mzima. Mama mzima. Tahiya mzima, na naona hukumuuliza.

Barua yako niliichana, kisha nikarudi kuiokota kwenye maranda. Nimeona nikukumbushe, maana mtu akishatolewa jicho husahau mwenyewe alifanya nini.

Nilikuja Kiponda mchana, baada ya Adhuhuri, kukuchongeeni rafu ya vyombo vyenu vya muziki. Mlikuwa mkirikodi. Napanda ngazi, nakusikia unamkaripia dada yangu kwamba kaingia mapema tena. Nafika mlangoni namkuta yuko chini, kalala ubavu, shingo nzima damu, na wewe umemsimamia na udi wako wa nyuzi mkononi unamwambia ainuke aimbe. Tezo ya kuchongea mbao nilikuwa nayo begani. Nilikupiga kwa kisogo chake. Ningelikupiga kwa makali, leo ungelikuwa na mbao za kaburi, si za meza.

Mimi nilifungwa miaka miwili kwa jicho lako. Wewe kwa sikio lake hukulala rumande hata siku moja. Na halikurudi kusikia, Kheir. Mwimbaji yule. Sasa unaniambia sauti yake unayo wewe, kwenye kompyuta yako, na unataka kuimalizia.

Pesa zako sitaki. Bei ya meza ni nyimbo zote tisa, na kwako isibaki hata moja. Ukikubali nitakuchongea. Ukikataa, usionekane Nungwi, kwa sababu nitakumalizia na jicho la pili.

Kaka yake Tahiya,
Nadir


Kiponda
2 Februari 2024

Kwa shemeji Nadir,

Asalaam alaykum. Barua imefika ikiwa inanuka samaki. Mama yako nisalimie, alikuwa akinipenda. Mimi sijambo, vitisho vyako havijanipunguza usingizi zaidi ya ulivyokwisha kupungua.

Lilikuwa kofi moja. Nimesema hivyo polisi, nimesema mahakamani, na nakwambia na wewe. Kofi moja halitoi sikio la mtu. Lile sikio lilikuwa na ugonjwa wake. Wewe ndiye uliyeingia nyumba ya watu na chuma, ukampiga mtu aliyeshika udi. Nilianguka juu ya udi wangu ukavunjika, na mpaka leo nikipangusa uso asubuhi nakuta shimo. Watoto wa mtaani wananiita Kengeza. Najua kukuchukia vizuri kuliko ninavyojua kazi nyengine yoyote.

Bei nimeikubali. Nyimbo utaondoka nazo.

Lakini nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa. Siku utakayokuja kuiunga, humu ndani tutakuwa sisi wawili tu, na mlango wa chini nitaufunga kwa komeo. Uje ukijua hivyo.

Shemeji yako,
Kheir


Nungwi
25 Aprili 2024

Kwa Kheir,

Waalaykum salaam. Idd imepita salama, mama alipata homa lakini kaamka. Wewe sijui ulisherehekea na nani.

Meza tayari. Mfenesi nimeupata Bububu, mti mzee, ndani una rangi ya manjano kama samli, na mzito, watu wawili ubao mmoja. Nimeuranda kwa hasira na hasira imenisaidia, kwani sijapata kutoa ubao ulionyooka hivi. Skrini itakaa kulia, ndivyo jicho lako linavyotaka. Mengine utayaona ukikaa.

Tahiya kila akipita karakana huugusa. Ameniuliza ni wa nani, nimemwambia ni kaunta ya hoteli. Haya ni baina yangu na wewe, yeye simwingizi.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo na gari ya Mkubwa. Mlango funga. Nyimbo ziwe tayari.

Kaka yake Tahiya,
Nadir


Kiponda
6 Mei 2024

Kwa shemeji Nadir,

Asalaam alaykum. Sijui kama mkono wako unaweza kufungua bahasha. Kama hauwezi, mama akusomee, na ajue na yeye.

Nimekaa siku mbili najiambia kwamba nina raha. Nakuandikia nione kama ni kweli.

Ulifanya kazi vizuri. Ulipanda na kushuka na zile mbao, hukunitazama, hukuomba maji. Ukaunga miguu, ukaunga uso wa meza, kisha ukaingia chini kukaza skrubu, chali, kichwa chako ukutani. Mkono wa kulia uliutoa nje ukashika ukingo wa ubao kuuzuia usicheze. Vidole vinne juu ya mfenesi. Nyundo yako uliiacha karibu na goti langu. Nadhani uliiacha makusudi, na mpaka sasa hilo linaniudhi kuliko yote.

Nilipiga. Nikasikia mfupa. Kisha nikapiga tena mahali palepale, kwa sababu ile ya kwanza ilikwisha haraka mno.

Ulitoka chini ukiwa mweupe midomo, na kabla sijainua nyundo mara ya tatu ulikuwa umeshanibana ukutani kwa bega, patasi mkono wa kushoto, ncha yake kwenye jicho langu lililobaki. Niliiona kubwa kuliko dunia. Nilijikojolea, Nadir, naandika kwa sababu uliona. Ukaniambia, "Hili nakuachia, unalo la kuona."

Kisha ukarudi chini ukakaza skrubu iliyobaki kwa mkono wa kushoto. Damu yako imeingia kwenye ubao, nimesugua haitoki.

Nyimbo sikukupa na hukuziuliza. Sasa zitabaki hapa. Jicho kwa vidole, tumelipana, mimi na wewe basi. Kesho naunga waya na kuanza kazi.

Shemeji yako,
Kheir


Nungwi
20 Mei 2024

Kheir,

Salaam. Naandika kwa mkono wa kushoto, zisome hivyohivyo.

Vidole viwili daktari kasema havitakunjika tena. Tezo sitaishika. Polisi sikwenda, nimesema ubao uliniangukia. Mama haamini. Tahiya ananikatia nyama kwenye sahani.

Bila shaka umeshaona. Spika zote mbili nimezitilia nafasi kulia. Kushoto ni ubao mtupu mpaka kwenye nguzo, na skrubu zake nimezizamisha na kuziba kwa gundi. Ukiibomoa utaibomoa yote. Sikukosea vipimo. Nimekutengenezea mahali pa kukaa alipokaa Tahiya kwa miaka sita, sikio la kushoto limekufa na dunia nzima iko upande mmoja. Nyimbo ulikwisha niambia unazo. Kaa, ziba la kushoto kwa kiganja, umsikilize.

Nyundo niliiacha makusudi. Nilitaka kujua kama umebadilika.

Nadir, kaka yake


Kiponda
9 Juni 2024

Kwa shemeji Nadir,

Asalaam alaykum. Nauliza hali yako na safari hii nauliza kweli. Vidole vipoe. Mimi si mzima.

Barua yako ilipofika nilichukua panga. Nilikuwa nimeshauona huo upande wako wa kulia na nikajiambia ni ujinga wa fundi wa shamba, lakini nilipojua ni makusudi niliipiga meza mpaka mkono ukafa ganzi. Mfenesi wako ulikataa. Panga liliruka likanichana goti, nikakaa sakafuni na damu yangu ikaenda ilipo yako.

Ningeweza kuweka spika moja juu ya ndoo kushoto, nikamaliza maneno. Nilikaa. Niliziba sikio. Nikafungua wimbo wa tisa, ule wa siku ile, ambao sijapata kuufungua.

Sikujua kwamba maikrofoni ilibaki inarikodi. Wimbo unaanza, anaingia mapema, na mimi nasema "Rudia." Anarudia. "Rudia." Sauti yangu ya kawaida, Nadir, sauti ninayonunulia mkate. Kisha kofi, na jengine, na jengine. Halafu najisikia namwambia inuka, na yeye anasema, "Naam," anatafuta pumzi, na anaanza kuimba. Alianza kuimba. Wewe ulikuwa bado ngazini.

Miaka yote nimesema kofi moja. Ni makofi matatu. Nimeyasikia kwa sikio moja na yametosha.

Nyimbo zote tisa zimo kwenye flashi hii aliyonayo Mkubwa. Kwangu nimefuta, hakuna iliyobaki. Mpe Tahiya. Mwambie nataka radhi yake, na kama hataki kunipa, aseme nifanye nini, nitafanya.

Kheir


Nungwi
23 Juni 2024

Kwa Kheir, na kwa kaka Nadir, nyote wawili,

Asalaam alaykum. Nawatakieni afya, maana naona mmebakiwa na kidogo.

Nimeandika barua hii mara mbili. Moja anayo Mkubwa, na moja nimeiweka chini ya sahani ya kaka. Flashi nimeipata, na pamoja nayo kaka kanipa barua zenu zote, za Kheir na nakala za zake mwenyewe, nisome, kwa sababu alidhani zitanifurahisha. Nimezisoma. Ndiyo nikajua kumbe ile kaunta ya hoteli ilikuwa yangu.

Kheir, makofi yalikuwa matatu, ni kweli. Umechelewa kuhesabu lakini umehesabu vizuri. Kaka, ulikuja nikiwa nimeanguka na sikukwambia upige. Nilipokuwa nashonwa niliwasikia polisi wakikuchukua, na nilichokuwa nataka ni mtu wa kunishika mkono, hakuwapo. Ulifungwa miaka miwili na mimi nikapika chakula cha kukupelekea jela miaka miwili.

Nyimbo nimezisikiliza. Nilikuwa naimba vizuri. Nitaziweka.

Lakini kuna jambo moja nyinyi mafundi wawili. Siku ile Kheir alishika udi kwa mkono wa kulia. Alinipiga kwa wa kushoto, wenye pete, mara tatu, uso kwa uso. Nikaanguka nikalalia ubavu wa kushoto, na damu ikateremkia huko, ndiyo kaka akaona damu kushoto akadhani ni sikio la huko. Sikio lililokufa ni la kulia. Ningekaa kwenye meza ile, spika zote zingekuwa zinaimbia maiti.

Kila siku, kaka, unakaa kulia kwangu tukila. Unazungumza, mimi nacheka, na wewe unadhani nimesikia. Kheir, umeagiza meza ya jicho lako, ukamwambia fundi kwamba anajua ni lipi. Alijua. Hata hakimu alijua. Limetolewa jicho, vimevunjwa vidole, mti mzima umekatwa Bububu, na katika miaka sita hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza ni sikio lipi.

Mimi ninaimba. Kila Alhamisi, kwa Bi Shemsa, kwenye kasida za wanawake. Nampa Bi Shemsa upande wangu wa kushoto na yeye ananigonga paja nisiingie mapema. Hilo pia hamkuuliza.

Radhi uliyoitaka, Kheir, sina ya kukupa leo, na usimtume Mkubwa kuja kuiulizia. Meza kaa nayo.

Kaka, ukitaka kuzungumza na mimi, hamia kushoto kwangu. Wewe Kheir usikae upande wowote.

Dada yako, na aliyekuwa mke wako,
Tahiya