Njia Iliyoonekana Tupu

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe, shemeji na watoto? Kikohozi cha kitinda mimba wenu kimeisha? Mimi mzima wa mwili, ila tangu Jumanne usingizi umenikimbia. Usinicheke.

Siku hiyo ulipoingia kituoni kwetu na treni ya abiria, ulichungulia dirishani ukanitania kwamba tumelala kazini mpaka treni ya mizigo inaota kutu. Nilishindwa hata kukupungia.

Unajua kati yetu na kituo cha bondeni kuna reli moja tu. Kila kituo kina kompyuta yenye nakala ya kumbukumbu zilezile, kuonyesha ni treni gani imepewa njia. Ruhusa haitoki mpaka nakala zote mbili zikubaliane. Asubuhi ile tingatinga la wachimba mtaro lilikata waya unaoziunganisha. Simu nazo zikafa, maana mnara unautegemea waya huohuo. Nakala yetu ikabaki inaonyesha njia tupu.

Meneja alinijia juu. Alisema mizigo inachelewa, njia naiona tupu kwa macho yangu, basi niifungulie treni ya mizigo kwa nywila ya dharura, ile isiyongoja nakala ya pili. Nilimjibu kwamba tunachokiona ni habari za kabla waya haujakatika, na kule huenda wameandika jingine. Akaniambia kama ni mwoga nimwachie kiti. Sikuondoka.

Tukiwa tunabishana, honi yako ikalia kwenye kona. Meneja alikaa chini sakafuni, na suti yake yote.

Waya ulipounganishwa ndipo tukajua. Mwenzangu wa bondeni, abiria walipomzonga, naye aliiona njia tupu kwenye nakala yake akakufungulia bila idhini yetu. Sasa amesimamishwa kazi. Mimi nasifiwa ofisi nzima, eti nina msimamo, na wanataka nifundishe wengine.

Kaka, sina msimamo wowote. Meneja alipoanza kufoka, niliiandika nywila yote. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ndipo nikakumbuka ulivyonipigia alfajiri kuniambia unamshikia zamu mwenzako mgonjwa kwenye njia hii yetu. Nikaifuta. Yale niliyomwambia meneja niliyasema baada ya hapo. Angekuwa dereva mwingine, mwenye mke na watoto kama wako, ningebonyeza. Naogopa, Kaka. Najiogopa mwenyewe.

Kesho naingia zamu. Nakuomba kitu kimoja: usiniambie tena siku unazoendesha. Nataka kila treni iliyoko njiani niione ni yako.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama usimwambie neno.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Dada Kitufe, kama mlivyozoea kuniita