Nimewafufua Panya Wawili wa Profesa

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani na kiti nimekiegemeza mlangoni, maana nyumba nzima inanisherehekea na mimi peke yangu ndiye ninayejua nilichofanya, mimi na wifi yangu.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, nimefundisha miaka kumi na tisa mpaka shule yetu ikafungwa, nikakaa nyumbani nikihesabu nyufa za dari, ndipo wifi, ambaye ni muuguzi, akaniambia kuna watu wanalipwa kusoma makala za wanasayansi kabla hazijachapishwa, kazi ya kukamata makosa tu, unaifanya ukiwa kwako na ndala miguuni, nami nikasema basi, hiyo kazi ilikuwa inanisubiri mimi. Nikaandikia majarida barua pepe thelathini na moja, thelathini zikapotea hivyohivyo, moja ikajibiwa na mama mmoja mhariri wa jarida la utafiti wa dawa, akanitumia makala ya profesa mmoja ili kunipima, akasema nikiifanya vizuri ataniingiza kwenye orodha yake ya wasomaji wa kudumu.

Shangazi, niliisoma kama nasahihisha mtihani! Ilihusu dawa mpya ya shinikizo la damu iliyojaribiwa kwa panya. Mkato uliokosekana nikauweka, neno lililorudiwa nikalifuta, kisha nikafika kwenye jedwali nikakuta panya walioanza ni arobaini na wanane na waliomaliza ni arobaini na sita, nikacheka, nikasema loo, profesa mzima hesabu zimempiga chenga, na kwa mkono huu uliozoea kalamu nyekundu nikaandika arobaini na wanane juu na chini, wala sikuweka alama kwamba nimebadilisha, nikatuma. Mhariri akanipigia simu mwenyewe: "Kazi safi sana! Profesa yuko safarini, hataipitia tena, tunachapa Ijumaa ya wiki ijayo." Mume wangu akaipiga msasa meza ya zamani ili nipate pa kufanyia kazi, na mama mkwe anawatangazia majirani kuwa mkwewe anasahihisha maprofesa.

Juzi nikawa namsomea wifi ile makala kwa kujisifu, tukafika kwenye maelezo ya maandishi madogo karibu na mwisho, yanasema panya wawili waliopewa dozi kubwa walikufa wiki ya tatu. Wifi akavua miwani. "Sasa wifi, hawa marehemu wamefufuka lini?"

Nikarudi kwenye jedwali: ndio walewale wawili niliowaongeza. Yeye anasema niungame, lakini nikiungama si ndiyo nimejifukuza kazi kabla sijaianza, na maandishi yenyewe madogo, labda hakuna atakayegundua. Nifanyeje?

Mfufua Panya

*

Marahaba, Mwalimu. Kwanza nikiri kwamba nimecheka mpaka chai ikanipalia. Miaka yote hii nimeletewa waume waliopotea na wakwe waliohamia bila kualikwa, ila panya waliofufuliwa kwa kalamu ni wa kwanza.

Nimemaliza kucheka, sasa nisikilize. Profesa si mwanafunzi wako wa darasa la sita. Hesabu isipokaa sawa kwenye kazi ya mtu, unamwandikia pembeni: "Hawa wawili wako wapi?" Yeye ndiye aliyekuwa na panya, wewe ulikuwa na karatasi tu. Na kubadilisha bila kuacha alama, mama, hapo umekosea mara mbili, na hilo la pili ndilo lililonikera zaidi.

Najua kukaa nyumbani kunavyochosha, na sikulaumu kuitamani kazi hii. Lakini unaniambia maandishi ni madogo, hakuna atakayegundua! Ndivyo ilivyo, wengi wataangalia jedwali na kufunga kurasa, wakiamini dawa haikuua hata panya mmoja. Baada ya panya huja watu. Muulize wifi yako ni nani humezeshwa vidonge vya shinikizo la damu wodini kwake.

Mficha uchi hazai. Mpigie mhariri leo, kabla hawajachapa, kisha umwandikie: jedwali hili, lilisema hivi, nikaweka hivi, nilikosea. Rudia makala yote na umpe orodha ya kila ulichogusa, hata mikato. Anaweza kukufuta, sitakudanganya. Akikufuta, andika barua ya thelathini na mbili, safari hii usiitawanye ovyo kama mbegu za maboga. Chagua majarida ya masomo uliyofundisha, ambatisha ukurasa mmoja uliousahihisha, alama zote zionekane na maswali yako yakiwa pembeni. Waonyeshe kwamba unajua kuuliza. Wazungukie na wahadhiri walio karibu nawe, wengi wana makala mezani na hawana wa kuwasomea.

Mama mkwe mwambie mwenyewe, kabla majirani hawajamwambia. Atanuna siku mbili, kisha atawatangazia kuwa mkwewe ni mkweli. Wifi yako naye mpikie kitu kizuri, amekuokoa.

Sasa ondoa hicho kiti mlangoni. Wale panya wawili walikufa wakiwa na neno la kutuambia, na wewe ndiye uliyewaziba mdomo. Piga simu, Mwalimu, uwaache wafe.