Jakuzi Sitini za Nansio

Shangazi Paskazia, shikamoo. Naomba unipokee na mzigo wangu na usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa Butimba sina wa kumweleza, mume wangu mambo ya ramani hayajui na mama mkwe akisikia atasema alishasema. Mimi ni mkadiriaji majenzi, yaani napima ramani ya jengo kabla halijajengwa ili ijulikane litakula saruji kiasi gani, milango mingapi na vigae vingapi, na ofisini kwetu kazi hiyo ilikuwa ikifanywa kwa rula, chumba kwa chumba, mpaka nilipoleta programu ya kompyuta ambayo unapima chumba kimoja tu, tunakiita chumba cha mfano, halafu unaiambia viko sitini kama hiki, nayo inazidisha yenyewe kabla chai haijapoa. Mzee Rwehumbiza, ambaye amezeekea kwenye rula, alinuna akasema vyumba si vifaranga vya kuhesabiwa kwa mkupuo, lakini bosi wetu Elias alifurahi mpaka akanipa meza ya dirishani, na nakiri kwako shangazi, kichwa kilivimba.

Ikaja kazi ya hoteli ya Nansio, ya mama mmoja ambaye nitamwita Mama Saroj, vyumba sitini na juu kabisa mgahawa unaotazama ziwa, aliomwahidi binti yake Shruti auendeshe. Kwenye ramani, juu ya chumba cha kona, mama alikuwa ameandika kwa kalamu yake, "Hiki ndicho chumba cha mfano," nikasema huyu mama ana akili, kanirahisishia, nikakipima hicho hicho na jakuzi yake na roshani yake na milango yake ya vioo, nikazidisha mara sitini, nikaenda kula. Elias aliziona zile jakuzi, akacheka kwamba watu wa Ukerewe wamezungukwa na maji na bado wanayataka mengine ndani, akasaini.

Mama Saroj aliiona bei, na wiki iliyofuata akaja ofisini, akasema ameufuta mgahawa, Shruti atakwenda kutafuta kazi Dar, na akatuomba radhi eti kwa kutusumbua na ndoto kubwa kuliko mfuko wake. Alikuwa analia, nikampa kitambaa. Ndipo akasema, "Nashangaa, binti yangu, maana jakuzi yenyewe ni moja tu, ya chumba cha mfano, kile cha kupiga picha za kuwaonyesha wageni."

Shangazi, kwake mfano ni wa kuonyeshwa watu, kwangu mfano ni wa kuzidishwa. Nikafungua mdomo niseme ukweli, nikasikia sauti yangu inasema saruji imepanda.

Jumatatu anasaini mkataba bila mgahawa. Nikisema, Mzee Rwehumbiza atatoa rula kwenye droo, programu itafutwa, na mimi nitapewa birika la chai niwe nalo mpaka nistaafu. Nikinyamaza, ninamwona Shruti na begi lake. Nimefikiria niseme programu ndiyo iliyokosea. Nifanyeje?

Aliyezidisha, Butimba

*

Marahaba, Aliyezidisha. Nimefika mwisho, na nimecheka kama ulivyoniruhusu. Sasa tuongee.

Kompyuta iache. Uliiambia sitini, ikakupa sitini. Haina mdomo wa kujitetea, ndiyo maana unataka kuisingizia. Na saruji nayo iache ipumzike, katika nchi hii imeshikilia uongo mwingi kuliko matofali.

Najua hofu ya kuchekwa ofisini, nimefanya kazi na watu, pole sana. Lakini linaloniuma si birika lako. Ni kwamba mama wa watu alikuomba radhi kwa kosa lako, ukaipokea.

Na kinachonishangaza ni kwamba unajisifia njia ambayo hujaielewa. Si umesema ukipima kimoja, vyote vinafuata? Basi na ukirekebisha kimoja, vyote vinafuata vilevile. Pima chumba cha kawaida, iambie programu viko hamsini na tisa, na kile cha kona kipime peke yake kama bwana harusi. Utamaliza kwa muda mfupi kuliko uliotumia kuniandikia. Mzee Rwehumbiza angekosea hivyo, angerudi na rula yake kuanzia mlango wa kwanza. Mkumbushe hilo akianza kunong'ona, kwa heshima, baada ya kumwamkia. Siku nyingine, kabla hujazidisha, kiweke chumba chako kando ya vingine viwili vitatu uone kama kweli ni ndugu. Na neno lililoandikwa na mteja, muulize mteja. Simu unayo.

Elias mpigie ukiwa njiani, si kumwomba ruhusa, kumpa taarifa. Kwa Mama Saroj nenda mwenyewe, usimtumie ujumbe. Mwambie, "Nilikosea mimi, na mgahawa wa Shruti unaweza kurudi." Kisha nyamaza, akugombeze mpaka atosheke. Kompyuta nenda nayo, kuvuka kwenda Nansio ni saa kadhaa na hesabu yako haihitaji hata moja.

Jina lako nimelificha, la mama ulishalibadilisha mwenyewe, na haya mengine nimeyabadilisha mimi. Jakuzi sitini sikuweza kuzificha, bila hizo barua yako haieleweki, na hoteli itakayojengwa Nansio wengi wanaijua, mwenyewe wa kwanza. Kama unasoma maneno haya, gazeti hili limeshapanda kivuko cha asubuhi. Natumaini na wewe umo humo.