Ukuta Uliofika Mabatini

Jumapili, Julai. Baridi ya leo imenifungia ndani na sweta mbili.

Asubuhi mwanangu Wafula alinipeleka kuona vyumba vya kupangisha anavyojenga hapa Nakuru. Fundi alikuwa amekatiza kuta za katikati chini kidogo ya mabati, eti dari itafunika, nani ataona? Nikamwambia apandishe mawe mpaka yaguse mabati, moto usipate pa kupita. Wafula akacheka: "Mathe, kwani unaogopa moto hivyo?" Nimerudi nyumbani, na tangu hapo mawazo yangu yako mtaa wa Bondeni, miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo.

Chumba chetu kilipakana na cha Mama Zuhura, mama wa Kiislamu kutoka pwani. Ukuta wa kati haukufika juu. Harufu ya nazi yake ilikuja kwetu, moshi wetu ulienda kwake, na jioni yeye na mama walipika kila mmoja kwake huku wakipiga soga juu ya ukuta.

"Mama Nekesa, leo wapika nini?"

"Ni mboga tu. Na wewe?"

Sauti hizo ndizo zilizonilaza. Nazikumbuka na moyo unaniuma kwa utamu wake.

Mwaka mmoja nyumba za mtaa jirani ziliungua, moto ukiruka chumba hadi chumba kupitia mwanya kama ule wetu. Baba alikuwa mwashi wa baraza la mji, na waashi wakaamriwa wapandishe kuta zote. Zamu ya chumba chetu ilipofika, mama alimsihi.

"Baba Nekesa, wacha hata kashimo kamoja tu, ya kuongea."

"Moshi ikipita hapo, moto nayo itapita."

Akaziba, akapiga lipu, akamaliza. Mama alimnunia kweli kweli. Chakula baba alikipata, maneno hakupata.

Halafu mchana mmoja stovu ya Mama Zuhura ikalipuka. Mama alikuwa upande wetu akimwogesha mdogo wangu, akiimba, hajui lolote mpaka watu walipopiga kelele nje. Alitoka mbio, mtoto amejaa sabuni. Chumba cha jirani kiliteketea chote. Kwetu lipu ilipasuka tu, na ukuta ukawa moto kama sufuria jikoni. Hata pazia halikuungua.

Komeo la mlango wa Mama Zuhura lilikuwa limegoma kufunguka. Alitoka hai, lakini mikono yake iliungua vibaya. Alipokuwa ameketi chini, majirani wakimmwagia maji, alimtazama mama. Hakuwa na hasira.

"Nilikuita," alisema.

Mama alimweka mtoto chini, akaketi kando ya Mama Zuhura.

Zamani, kabla ya ukuta kupandishwa, alimsikia hata akipiga chafya.

Ukuta wa baba ulituokoa, sina shaka, na hata leo ningejenga huo huo. Lakini tangu siku ile mama alipika nje, mlangoni, hata Julai kama hii. Mama Zuhura alipopona, naye akatoa jiko lake, wakaketi pamoja. Baba hakuwahi kumwambia mama aingie ndani. Aliwapigilia kipande cha mabati juu ya milango, mvua isiwanyeshee.

Hapa ninapoishi sasa kuta ni nzito, simsikii mtu. Mama wa nyumba inayofuata, miaka yote hii, simjui hata jina.

Kesho nikiamka, nitaenda kupiga hodi kwake.