Nimemwozesha Babu Dada Yake, na Jiwe Limeshachongwa

Mpendwa Shangazi Opal,

Nina aibu ya kutosha kugawia wilaya nzima, kwa hiyo nisaidie kwanza, kucheka utacheka baadaye. Mimi ni mama wa binti wa miezi minne, shule niliacha darasa la kumi na moja, na kabla ya kujifungua nilikuwa napika jikoni kwenye shule ya msingi huku kusini mwa Indiana. Nakueleza haya ujue kwamba hakuna aliyenituma kuchunguza ukoo wa watu, nilijituma. Majina yote nimeyageuza ila dhambi ni yangu kabisa.

Ilianza nikiwa na mimba, daktari kaniamuru nilale tu kitandani, na bibi yake mume wangu, Bibi Verna, ambaye ana miaka themanini na sita, akaniambia kitu kimoja anachotamani kabla hajafa ni kumjua mama aliyemzaa babu yake yeye, Lemuel Pruett. Baba yake Lemuel tunamjua, ni Azariah, mkulima, kaburi lake lipo pale kanisani na jiwe lake limepasuka, ila mama hajulikani, Lemuel mwenyewe hakuwahi kumtaja. Basi mimi na simu yangu tukaingia kwenye karatasi za sensa kama watu wanaojua wanachofanya.

Nikaipata sensa ya 1870. Azariah, miaka thelathini. Mstari wa chini yake Philena Pruett, miaka thelathini na mmoja, kazi yake kutunza nyumba, halafu watoto watatu, wa mwisho Lemuel, miezi miwili, amezaliwa Machi. Shangazi, mwanamume, mwanamke, watoto, jina moja la ukoo, wewe ungefikiri nini? Nikapiga kelele mpaka jirani akaja akidhani uchungu umeanza. Kumbe sensa ya mwaka ule haina safu ya kusema nani ni nani kwa nani, safu hiyo ilikuja miaka kumi baadaye. Mimi sikujua, na nisichokijua huwa nakijaza mwenyewe.

Tena nilionywa. Cheti cha kifo cha Lemuel cha mwaka 1938, kwenye jina la mama kabla ya kuolewa, kimeandika Mahala Stites. Nikamwambia mume wangu Wade, "Karani alichanganya."

Wade akasema, "Karani amechanganya, wewe mpishi wa shule ndiye hujachanganya."

Nikamjibu kwamba marehemu hajazi cheti chake mwenyewe, hujazwa na yeyote aliyekuwepo, na huyo anaweza kukosea. Hilo nililisoma mahali, nikajiona wakili.

Bibi Verna nilipomwambia alilia, akanishika mikono, akasema, "Philena. Siku zote hizi nilikuwa sijui nimtaje nani." Binti yangu alipozaliwa tukampa jina hilo, na Bibi akimbeba anamwambia, "Kidevu hiki ni cha Philena kabisa," ingawa hakuna picha ya kidevu cha Philena popote duniani. Ukoo ukachanga, jiwe jipya likachongwa, granaiti: AZARIAH PRUETT NA MKEWE MPENDWA PHILENA. Litasimamishwa Jumamosi ya pili ya Agosti, siku ya mkutano wa ukoo, mbele ya watu sitini, na mimi nimepangiwa kusema maneno machache kabla ya kuku na tambi. Siku hizi wananiita Profesa. Nilikuwa naitika.

Juzi mtoto kalala mchana, nikasema ngoja nitafute cha kumpambia Philena kwenye hotuba. Nikafungua sensa ya 1880, ile yenye safu. Azariah, mkuu wa kaya, mgane. Philena, dada. Hajaolewa. Nikaisoma mara nne nikitumaini ya tano atageuka kuwa mke.

Nikampigia mama wa maktaba ya wilaya, akaniambia kwa upole kwamba karani wa sensa zile alikuwa na karatasi ya pili, ya watu waliokufa ndani ya mwaka huo. Kwenye ile ya 1870 nikamkuta. Mahala Pruett, miaka ishirini na tatu, ameolewa, amekufa Machi, uzazi. Machi ileile ya Lemuel. Karani alipobisha hodi mwezi wa sita, mama mwenye nyumba alikuwa ameshazikwa, na wifi yake alikuwa ameshaingia jikoni. Mimi mwenyewe nina ishirini na tatu, Shangazi. Nililia hadi nikamlowesha mtoto kichwa.

Wade akaja akasoma juu ya bega langu, akasema, "Kwa hiyo mke wangu umemwozesha babu dada yake."

"Ukimwambia mtu utalala nje."

"Na umeandika kwenye granaiti. Ingetosha hata kwenye karatasi, mama."

Sasa naomba ushauri. Nikisema ukweli, namvunja moyo Bibi Verna, naharibu sherehe, na binti yangu anabaki na jina la makosa ya mama yake. Nikinyamaza, nani ataumia? Wote wamekufa. Mahala hana wa kumlalamikia. Je, si ninyamaze tu?

Ni mimi,
Profesa

---

Profesa,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, na sasa nimemaliza.

Kosa lako la kwanza ni dogo. Kwa ukurasa huohuo wapo wenye digrii waliowaoza mabinti kwa baba zao. La pili ndilo ningekufinyia sikio: cheti kilikutajia mama kwa jina, ukakibeza kwa sababu kilikuharibia furaha. Karatasi ikikupinga, keti nayo. Usiitukane.

La tatu bado hujalifanya, na nakukataza. Unasema unamlinda Bibi. Je, Bibi alikuomba Philena? Alikuomba mama wa babu yake. Umempata, na sasa unataka kumficha ili uendelee kuitwa Profesa. Mwanamke aliyefika themanini na sita ameshazika watu wengi, hataangushwa na neno "dada". Na usiniambie Mahala hana wa kumlalamikia. Alikufa akizaa, akabaki mstari mmoja kwenye karatasi ya wafu, na mtu wa kwanza kuusoma na kumlilia ni wewe.

Kwa hiyo leo, kabla hujapika chochote, mpigie fundi wa jiwe. Granaiti husuguliwa ikachongwa upya. Uongo ukishasomwa mbele ya watu sitini hausuguliki. Jiwe likichelewa, basi watu wale kuku bila jiwe, hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Majina yawe matatu: Azariah, Mahala mkewe, na Philena dada yake, aliyewalea watoto. Siku ya mkutano simama ujicheke wewe kwanza, binamu za mumeo wasikute kilichobaki.

Jina la mtoto usiliguse. Philena aliingia nyumba yenye msiba na kichanga cha siku chache, na miaka kumi baadaye bado yumo. Kuitwa kwa jina la mtu kama huyo si makosa.

Lakini kabla ya fundi kuanza kusugua na kabla ya binamu yeyote kusikia, nenda kwa Bibi Verna na karatasi zako zote nne, sensa mbili, orodha ya wafu na cheti. Nenda peke yako na mtoto. Usianze na kosa lako, kosa lako si habari. Sema, "Bibi, nimempata mama yake Lemuel. Anaitwa Mahala Stites, na alikufa akimzaa." Kisha nyamaza, mwache amlilie. Akimaliza atakuuliza, maana hakuna bibi asiyeuliza hivyo, "Sasa ni nani alimlea yule mtoto?"

Hapo mpakatishe binti yako, umjibu.