Bapompiye wa Goma na Moto wa Mabanga

Goma, Himbi, siku ya Mungu kiisha misa

Yaya wangu Vumilia,

Ninakuandikia nikikaa ku benchi, inje ya poste yetu ya kuzimisha moto, upepo wa ziwa unanipokonya karatasi. Habari ya huko kwetu mulimani? Muguu ya mama imepata nafuu, ama angali anatembea akishika ukuta? Zile ngombe mulizobakia nazo zingali na ninyi? Na mahindi, ni ninyi mulivuna ama wenye bunduki waliwatangulia? Mimi na Riziki muke wangu tuko wazima. Watoto wanakula kidogo lakini hawagonjwi, na kwa wakati huu tunaona hiyo ni neema.

Mama muuza fromaji, ile jibini ya huko kwetu, alinifikishia maneno yako. Alisimama hapa poste, kitunga chake kichwani, akasema mbele ya wenzangu wote: "Dada yako anakuuliza hivi, wewe ni pompiye ya muji muzima, namna gani ulimuacha mume wa shangazi yenu anaungua, wewe unamuangalia?" Wenzangu waliinamisha macho. Mimi sikumukasirikia mama yule, na wewe pia sikukukasirikia. Ningekujibu kwa simu, lakini rezo ya huko kwenu imekatwa, basi mama wa fromaji anapopanda tena atakuletea hii barua.

Yaya, sikuandike ili nijitetee. Nataka ujue namna ilipita, na ili uielewe ni lazima nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka nilishuka Goma kijana, kiisha ngombe za baba kunyanganywa. Nilikuwa nabeba mizigo sokoni. Komanda Gervais ndiye alinitoa kule. Alikuwa mwanaume mufupi mwenye sauti kubwa, aliyejifunza kazi ya moto wakati inchi ingali inaitwa Zaire. Alinipa kazi ya kuosha magari mawili mekundu, halafu akanifundisha kufunga mipira ya maji, kupanda ngazi na kusikiliza joto ya ukuta kwa mukono mbele ya kufungua mulango. Wakati ule muji ulikuwa na robine za moto chini ya udongo, ku kona za avenyu kubwa. Tulikuwa tunafika, tunafungua kifuniko cha chuma, tunafunga mupira, maji yanatoka. Ninakuambia hivyo kwa sababu vijana wa hapa hawaniamini nikiwahadithia.

Vita ya kwanza ilipoingia, ofisa mumoja akaja poste na askari wake.

"Muzee, leta ufunguo."

"Hii ni gari ya kuzimisha moto, afande."

"Na askari wangu walioko pori watakunywa nini? Moshi?"

Gervais akatoa ufunguo. Tuliona gari ile inapita mara kadhaa, imejaa bido za maji na bunduki, halafu hatukuiona tena. Tulibaki na moja.

Kiisha hapo mulima ukapasuka. Ninyi huko juu muliona mwangaza. Sisi tuliona mawe ya moto yakishuka katikati ya muji, polepole, mutu aliweza kuyatangulia akitembea, lakini hakuna kitu kiliyasimamisha. Tulikuwa tunapakia wazee na watoto ndani ya gari tuwapeleke njia ya Sake. Papa mumoja muuza vitenge akatukimbilia. Lava ilikuwa imefika karibu na duka yake.

"Bapompiye! Mwangeni maji! Munaangalia nini?"

Gervais akamuambia kwa upole: "Papa, hii haizimwi."

Yule papa akapiga magoti, akashika buti ya Gervais kwa mikono miwili, akakataa kuiachia. Gervais akanigeukia: "Janvier, fungua." Nikafungua. Maji yakapiga lile jiwe, mvuke ukatufunika, hatukuonana. Mvuke ulipopungua, pale mbele palikuwa peusi. Papa akasimama, akaanza kupiga makofi: "Inazimika! Inazimika!" Mara ule weusi ukapasuka, wekundu ukatoka chini yake, na tangi yetu ikawa tupu. Tulimushika mikono tukamupandisha garini.

Tuliporudi, poste yetu ilikuwa chini ya mawe, na robine zile nazo. Gervais alitembea juu ya lava ingali na joto, soli za viatu zikitoa harufu, akisimama hapa na pale: "Moja iko hapa chini. Ingine iko hapa." Leo watu wamejenga nyumba za mbao juu yake. Wanalala juu ya maji yasiyoweza kutoka.

Kuna miaka mizuri ilifuata, nisikudanganye. Tulipewa gari kuukuu iliyotoka Ulaya, maandishi yake hakuna aliyejua kuyasoma, lakini pompe yake ilikuwa na nguvu. Siku moja depo ya magodoro ilishika moto kule Birere, tukauzima mbele haujaruka ku nyumba za jirani. Wamama walituchezea ngoma katikati ya barabara, wakatupa Fanta. Gervais alikunywa yake akiwa amevaa kofia ya chuma, akakataa kuivua ili watu wamuone vizuri.

Halafu waasi wengine wakaingia. Gari ile ilipelekwa ilipopelekwa, ikarudishwa bila pompe, vioo vimevunjika. Gervais alikaa ku ngazi ya gari, akavua kofia, akaiweka juu ya kiti cha shofa, akaenda zake. Alihamia kwa binti yake Bukavu, na huko ndiko alifia. Kutoka siku ile wananiita mimi komanda.

Mara ya pili mulima ulipomwaga moto, lava haikufika katikati ya muji, iliishia huko juu upande wa Buhene. Kazi yetu ilikuwa kubeba vikongwe mugongoni. Kiisha hapo vita ikajaza watu wakimbizi kule Kanyaruchinya, hema moja ikishika moto, moto unaruka ku zingine, na sisi tunafika tunakuta vyuma vya masufuria na watu wamekaa chini. Na sasa vita imeingia muji wenyewe. Wakubwa waliokuwa wanatupa mafuta wamekimbia, ofisi imefungwa, hatujui tunatumikia nani. Gari ilibakia moja, ile ndogo ya tangu zamani, tangi yake inavuja. Tunaziba tundu kwa sabuni ya kufulia. Maji tunayachota ziwani, tunajaza kwa bido, mukono kwa mukono.

Sasa Mabanga, mutaa wa shangazi.

Ilikuwa mchana, upepo mwingi. Mama mumoja akafika juu ya pikipiki bila viatu, analia: "Mabanga inaungua!" Mbabula ya makaa ilianguka ndani ya nyumba ya jirani ya shangazi. Unajua nyumba za kule, mbao kwa mbao, manjanja ya bati kwa manjanja, mutu anakohoa jirani anamujibu. Tangi yetu ilikuwa nusu. Wenzangu wakaniangalia. Kujaza kwa bido kungetuchelewesha sana. Nikasema twende na hiyo nusu.

Njiani tukakuta barriere. Askari akasimama mbele ya gari, akaigonga na bunduki.

"Gari hii ni ya nani sasa?"

"Ya muji," nikamujibu.

"Na muji ni wa nani?"

Moshi ulikuwa unaonekana nyuma yake, mweusi, mukubwa. Nikamuonyesha kwa kidole. Hakugeuka. Mwenzake akamuita kwa kucheka, "Waache, wale ni bapompiye," ndipo akatupisha. Sijui tulisimama pale muda gani. Kwangu ulikuwa murefu.

Avenyu ya shangazi gari haiingii, ni njia ya miguu katikati ya kuta za mawe ya volkano. Tulisimama ku barabara, tukaunganisha mipira miwili, pale penye kuungana pakawa panamwaga. Wamama walikuwa wanakimbia na sufuria, na beseni, hata na birika ya chai. Tukaanza kupiga maji ku nyumba za mbele. Ndipo shangazi Nyota akanishika koti kutoka nyuma.

"Janvier! Tonton yako iko ndani!"

"Ndani wapi?"

"Ku chumba. Nilienda kisima, nilimuacha analala. Miguu yake haimubebi, Janvier, unajua haimubebi!"

Unajua tonton Anselme, mume wake, tangu alipopooza alikuwa wa kubebwa. Ku mulango moto ulikuwa umeisha kushika. Nikazunguka kupitia kwa jirani, nikafika ku ukuta wa chumba chao kwa nyuma, na shoka. Mbao zilikuwa na joto mpaka rangi inatoka mapovu. Nikaanza kukata. Nikamusikia.

Alikuwa anaita, "Nyota, Nyota," bila kupiga kelele, namna anavyoitaga akihitaji maji ya kunywa.

Nikamuambia: "Tonton, ni mimi Janvier! Jikokote uje ku ukuta!"

Akanijibu: "Mwanangu, siuone ukuta."

Nikapiga kelele kwa wenzangu, maji, leteni maji huku! Mupira ukaja, ukatema kidogo, halafu ukatoa upepo tu. Mwenzangu akasema, "Imekwisha, komanda." Nikakata tena. Ubao mumoja ukafunguka, na kwa lile tundu moto ukatoka kwangu, na manjanja ya juu yakaanguka ndani. Wenzangu walinivuta kwa mukanda. Mikono yangu ingali na bandeji, ndiyo maana unaona maandiko haya mabaya.

Sikumuangalia akiungua, Yaya. Nilimusikia. Hilo ndilo jibu la swali lako, na sina lingine.

Watu walitupiga mawe. Walisema, munakuja bila maji, mulikuja kuona sinema? Kioo cha mbele cha gari kilivunjika. Mimi ningekuwa mwenye nyumba, ningetupa jiwe pia. Moto uliendelea mpaka kwenye kiwanja cha shule, ukakosa mbao, ukazimika wenyewe. Sisi hatukuuzima. Tulibaki pale na mipira yetu mitupu mikononi kwa sababu tuliona haya kuikunja mbele yao.

Shangazi anakaa kwangu sasa. Najua mukutano wa jamaa unataka apande huko kueleza namna mume wake alikufa, na ndugu za tonton wanauliza mambo mengi. Ninakuomba uwaambie wamuache. Njia ya magari imefungwa, na hata ikifunguliwa hawezi kusimama mbele ya wanaume wakimuuliza kwa nini alienda kuchota maji. Yeye mwenyewe anajiuliza vya kutosha. Akiwa anaosha vyombo anasimama, anaangalia mikono yake, anasema, "Ningechota asubuhi," halafu anaendelea kuosha.

Riziki anataka niache kazi hii. Ananiambia, "Kazi gani hii, hakuna mushahara, hakuna maji, watu wanakupasua kichwa?" Lakini watu wakiona moshi bado wanakimbilia hapa, hawajui mahali pengine. Nikifunga mulango wa poste, watakuta mulango uliofungwa. Sijui kama ni afadhali hivyo kuliko kunikuta mimi.

Juma hili tena moshi ulitoka nyuma ya soko. Gari ikakataa kuwaka. Tukachukua mashoka na bido tukaenda kwa miguu, mbio, watu wakitucheka njiani. Shangazi alikuwa sokoni ananunua majani ya sombe. Akatuona tunapita. Akaacha sombe pale pale kwa muuzaji, akapokonya bido moja kwa mwenzangu aliyechoka, akaiweka kichwani, akatufuata. Tulipofika, majirani walikuwa wameisha kubomoa nyumba mbili ili moto usipite, na ile iliyoungua ilikuwa majivu. Hakuna aliyekufa. Hapakuwa na kazi tena. Nikamuambia, "Shangazi, tua hiyo bido, imeisha." Akatua. Akaifungua, akaanza kumwaga maji juu ya majivu, polepole, pembe kwa pembe, mpaka yakaisha yote. Watu walikuwa wanamuangalia. Mwenye nyumba alitaka kumuzuia, nikamushika mukono. Alipomaliza akafunga bido, akanirudishia, akasema, "Twende."

Yaya, ninaishia hapa, mikono inauma. Nisalimie mama, umushikie muguu kwa niaba yangu. Nisalimie mudogo wetu anayechunga ngombe, akisikia risasi aache ngombe akimbie. Nisalimie bwana yako na mama mukwe wako aliyenipaga maziwa nikipita. Nisalimie pia katekista, najua ni yeye atakayemusomea mama barua hii, kwa maana macho ya mama hayaone tena. Umuombe, akifika pale ninapoandika habari ya ukuta na sauti ya tonton, aparuke.

Mudogo wako anayekuheshimu,
Janvier